Jeraha la uti wa mgongo T10, wayo hauinuki: pedi za umeme zikae wapi, na mazoezi ya kutembea yaende vipi?

fizio_wilayani

Habari zenu wataalamu. Nina mgonjwa katika kliniki ya wilaya, naomba mawazo ya wanaotumia umeme wa neva pamoja na mazoezi ya kutembea.

Mwanaume wa miaka 34, ajali ya bodaboda, uti umejeruhiwa ngazi ya T10 (T ni ngazi za kifua, L ni za kiuno, S ni za chini yake), miezi 14 sasa. Jeraha si kamili, yaani baadhi ya hisia na nguvu zimebaki chini yake: ASIA daraja D (kipimo cha ukali wa jeraha, A ni kamili, E ni kawaida). Mguu wa kushoto una nguvu 4 karibu kila mahali (kipimo ni 0 hadi 5). Wa kulia: kukunja nyonga 3, kunyoosha goti 3+, kuinua wayo 1. Anatembea na fremu kama mita 40. Vidole vya kulia vinaburuza sakafuni, kwa hiyo anainua nyonga na kuuzungusha mguu kwa nje ili upite. Shavu la mguu wa kulia limekakamaa (Ashworth 2, kipimo cha mkakamao cha 0 hadi 4). Hisia chini ya goti la kulia ni hafifu, hatofautishi vizuri moto na baridi.

Tumepata mashine ya chaneli mbili inayotumia betri: Hezi 1 hadi 120 (mapigo kwa sekunde), upana wa pigo mikrosekunde 50 hadi 400, hadi mA 100 (miliampea, ukali wa umeme), na imekuja na swichi ya kisigino. Kitabu chake hakisemi lolote kuhusu kutembea. Hatuna tredmili wala mkanda wa kumning'iniza mtu. Tuna mihimili sambamba, veranda ya mita 20 na ngazi tatu za saruji.

Nauliza: nitajuaje kama umeme utamfaa kabla sijampotezea muda? Pedi zikae wapi, na mashine niipange vipi? Mazoezi yenyewe yawe kiasi gani? Na je, kukosa tredmili kunamnyima kitu kikubwa?

---

mkufunzi_neva

Swali lako la kwanza ndilo wengi hulipita. Mashine hii haisisimui msuli wenyewe. Inasisimua neva, na neva ndiyo inayouamsha msuli. Kwa hiyo neva inayotoka kwenye uti hadi msuli wa muundi lazima iwe hai. Ikiwa imekufa, utapandisha mA mpaka ngozi iungue na wayo hautainuka.

Angalia kwanza hiyo T10 imeandikwa kutokana na nini. Ni ngazi ya neva uliyoipima kwa pini na pamba, au ni pingili iliyovunjika kwenye picha? Seli za neva zinazoinua wayo (sehemu za uti ziitwazo L4 na L5) hazikai nyuma ya pingili za L4 na L5. Uti wenyewe huishia karibu na pingili ya L1 au L2, na seli hizo ziko juu, nyuma ya pingili za T12 na L1. Aliyevunjika T10 kwa kawaida bado anazo. Aliyevunjika T12 au L1 anaweza kuwa ameziua zote, na misuli yake inakuwa laini, inasinyaa, haina mkakamao. Mgonjwa wako ana mkakamao kwenye shavu la mguu, hiyo ni dalili njema. Ila shavu la mguu ni S1, na wewe unatafuta L4 na L5, kwa hiyo usiishie hapo.

Kuna mtego wa pili. Neva ya nje ya goti hupita juu ya shingo ya ule mfupa mdogo wa nje, chini tu ya ngozi, pasipo nyama ya kuikinga. Mtu aliyelala miezi kadhaa mguu ukiwa umepinda nje, au aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu ubavu wa goti ukigusa chuma, anaweza kuwa ameibana neva hiyo pale pale. Uti unaweza kuwa mzima kwa sehemu, lakini waya umekatika gotini.

Kipimo ni hiki. Mketishe, mguu uning'inie, wayo usiguse chini. Weka Hezi 1 au 2, mikrosekunde 300. Anza mguu wa kushoto ulio na nguvu, pandisha mA polepole mpaka wayo uanze kudunda juu, andika namba. Hamia kulia, sehemu ile ile. Ikiwa kushoto kumedunda kwenye mA 20 na kulia kumedunda kwenye 25 au 30, endelea. Ikiwa kulia kuko kimya hadi 60 na umeshasogeza pedi pande zote, neva haipitishi, na jibu lake ni kifaa cha kushikilia wayo.

Kisha pima kiungo. Goti likiwa limenyooka, sukuma wayo juu kwa mkono, polepole. Ukishindwa kuufikisha pembe mraba, msuli wa mbele utakuwa unashindana na shavu lililofupika. Nyoosha kwanza: asimame kwenye ubao wa mteremko dakika 20 hadi 30 kila siku, kwa wiki kadhaa.

Sasa pedi. Tumia za kunata za sentimita 5 kwa 5. Tafuta kwa kidole kile kifundo cha mfupa upande wa nje, chini ya goti. Teremka kidogo, rudi nyuma kidogo. Pedi nyeusi, ile hasi, inakaa hapo, maana ndiyo inayofanya kazi. Pedi nyekundu inakaa kwenye unene wa msuli wa muundi, upande wa mbele kwa nje, vidole vinne au vitano chini ya ile ya kwanza. Baki kwenye Hezi 1 au 2 wakati unatafuta, kwa sababu mdundo mmoja mmoja unaonyesha vizuri wayo unaelekea wapi. Sogeza nusu sentimita kwa mara moja, usiruke.

Unachotaka ni wayo upande juu ukiinamia nje kidogo sana. Ukiinamia ndani, akikanyaga atateguka kifundo. Ukipata sehemu sahihi, chora mzunguko wa pedi kwa kalamu ya wino na piga picha kwa simu yake, kwa sababu kesho hutaikumbuka, na nyumbani atakayembandika ni mke au kaka yake.

Kwa kutembea: Hezi 35 hadi 40, mikrosekunde 300, muda wa kupanda (umeme kutoka sifuri hadi kamili) sekunde 0.2 hadi 0.3. mA ni kiasi kile kinachoinua wayo mpaka vidole viachane na sakafu, basi. Kupandisha zaidi hakumfundishi chochote zaidi, kunamchosha tu.

---

fundi_vifaatiba

Naongeza upande wa mashine na swichi.

Wazo la swichi ya kisigino lina umri mkubwa, Liberson na wenzake walilitumia mwaka 1961 kwa waliopooza upande mmoja, na mpaka leo halijabadilika sana. Kisigino cha mguu dhaifu kikiinuka, umeme unawaka. Kikigusa chini, unazima. Kwa mgonjwa huyu weka swichi ndani ya kiatu cha kulia, chini ya katikati ya kisigino, juu ya soli ya ndani ya kawaida lakini chini ya kipande chembamba cha ngozi au sponji. Ikikaa ukingoni, itawaka akiwa amesimama tu.

Mashine nyingi zina mpangilio wa kuchelewesha kuzima. Weka sekunde 0.1 hadi 0.3. Bila hivyo wayo unaachiwa ghafla mara kisigino kinapogusa, unapiga sakafu pwaa, na shavu lililokakamaa linashtuka.

Kama mkakamao unafanya kisigino cha kulia kisiguse chini vizuri, swichi ya kulia haitasoma kitu. Ihamishie kiatu cha kushoto na ugeuze mpangilio: kisigino cha kushoto kikigusa, umeme wa kulia unawaka. Mashine isiyo na mpangilio huo inahitaji kitufe cha mkononi, na hapo msaidizi ndiye anabonyeza.

Usikubali mtu akukatie waya wa pedi akuwekee swichi ya taa katikati. Mashine hujaribu kushikilia mA ulizoweka. Ukiukata mzunguko, volti inapanda hadi mwisho wake, na ukiurudisha inapiga kwa mkupuo mmoja bila kupanda taratibu. Mgonjwa wa mkakamao atarushwa. Mashine nyingine zikihisi waya umeachia hujizima hadi sifuri, kwa hiyo hatua ya pili haitakuwa na umeme kabisa.

Mashine za TENS za maumivu zinazouzwa maduka ya vifaa tiba zinaweza kukunja msuli mtu akiwa amekaa, lakini hazina muda wa kupanda wala swichi. Kwa kutembea hazifai. Na mashine yoyote isiwe kwenye chaja wakati pedi ziko mwilini.

---

nesi_uti

Dada/kaka fizio, umeandika kwamba hisia chini ya goti ni hafifu. Hilo linabadilisha kila kitu kuhusu ngozi. Mtu mwenye hisia atakuambia "inachoma" kabla haijaungua. Huyu hatakuambia.

Osha sehemu kwa maji na sabuni, kausha. Ngozi isiwe na mafuta ya mgando wala losheni, na hapa kwetu karibu kila mtu anapaka asubuhi, kwa hiyo mwambie siku ya kliniki miguu asiipake. Nywele zikatwe kwa mkasi, zisinyolewe kwa wembe, maana mikwaruzo ya wembe hukusanya umeme. Pedi iliyoanza kukunjuka pembeni inatupwa. Ikishikia nusu tu, umeme wote unapita kwenye ile nusu, na kidonda kinaanzia hapo. Tone moja la maji lililosambazwa kwa kidole huirudishia gundi mara kadhaa, sio milele. Ibandike kwenye plastiki yake baada ya kazi, ihifadhiwe penye kivuli, na kila mgonjwa awe na zake.

Baada ya kubandua, wekundu wenye umbo la pedi ni kawaida ukiondoka ndani ya nusu saa. Ukibaki zaidi, au kukiwa na lengelenge au madoa makali yaliyokolea, pumzisha sehemu hiyo mpaka ngozi irudi kabisa. Kidonda kidogo kwa mtu huyu linaweza kumrudisha wodini.

Nani asibandikwe: mwenye betri ya moyo au kifaa cha kushtua moyo, mwenye damu iliyoganda mguuni (mguu mmoja umevimba, una joto), mwenye saratani au kidonda wazi eneo hilo, aliyevunjika mfupa ambao haujaunga. Mjamzito na mwenye kifafa kisichodhibitiwa wapelekwe kwa daktari kwanza. Chuma cha kuunga mgongo peke yake si kizuizi kwa pedi za mguuni.

Mgonjwa wako ni T10, lakini mada hii itasomwa na wenye wagonjwa wa shingo pia, kwa hiyo naandika waziwazi. Kwa jeraha la T6 kwenda juu, umeme, kibofu kilichojaa au choo kilichoganda vinaweza kurusha presha ghafla. Dalili: kichwa kinagonga, uso na shingo vinawiva na kutoka jasho, vinyweleo vinasimama, mapigo ya moyo yanapungua. Mtu wa shingo presha yake ya kawaida huwa chini, juu 90 hadi 110, kwa hiyo 140 kwake ni hatari ingawa kwa mtu mwingine ungeipuuza. Ongezeko la 20 hadi 40 juu ya kawaida yake linatosha. Zima mashine, mketishe wima miguu ikiwa chini, usimlaze. Legeza mkanda, nguo, mfuko wa mkojo. Angalia mpira wa mkojo kama umejikunja au kuziba, kisha kibofu, kisha choo. Pima presha kila dakika mbili hadi tano. Isiposhuka, ni dharura ya hospitali, kwa sababu inaweza kupasua mshipa wa ubongo. Kwa hiyo kabla ya kila kipindi kwa wagonjwa hao: kibofu kitupu, presha imepimwa na kuandikwa.

---

mwendo_kwanza

Nichukue swali la tredmili, kwa sababu kliniki nyingi za wilaya zimekata tamaa bila sababu.

Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani na Kanada, watu 146 wenye jeraha lisilo kamili, walioanza ndani ya wiki 8 tangu kuumia. Nusu walifanya tredmili wakiwa wamening'inizwa kwa mkanda, nusu wakafanya mazoezi ya kutembea sakafuni kwa muda huo huo, wiki 12. Mwishoni hapakuwa na tofauti. Mwaka 2011 Field-Fote na Roach wa Miami walichapisha kazi nyingine kwa watu waliopitisha mwaka tangu kuumia, kama huyu wako: siku 5 kwa wiki, wiki 12, makundi manne. Tredmili na msaidizi wa kushika mguu, tredmili na umeme wa neva ya nje ya goti, sakafuni na umeme huo huo, na roboti. Waliotembea sakafuni na umeme ndio walioongeza umbali zaidi. Roboti haikung'ara. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2020 ukaenda mbali zaidi: kwa jeraha la muda mrefu lisilo kamili, tembeza mtu kwa nguvu ya wastani hadi ya juu, na usitegemee roboti wala kumning'iniza kwenye tredmili ili kuongeza kasi na umbali.

Veranda yako ya mita 20 inatosha. Kinachokosekana mara nyingi ni jasho.

Huyu ana T10, neva za moyo wake ziko juu ya jeraha, kwa hiyo mapigo yanaaminika. Miaka 34: kadiria kilele 220 toa 34, yaani 186. Lenga asilimia 70 hadi 85, ni kama mapigo 130 hadi 158 kwa dakika. Hesabu kwenye kifundo cha mkono sekunde 15 mara nne. Kwa wenye T6 kwenda juu usitumie hesabu hiyo, moyo wao haupandi ipasavyo. Tumia kipimo cha Borg cha 6 hadi 20, lenga 14 hadi 17. Kwa macho: anaweza kusema maneno mawili matatu, hawezi kupiga soga.

Kipindi cha dakika 45 hadi 60, na ndani yake dakika za kukanyaga kweli zifike 20 hadi 30. Siku 4 au 5 kwa wiki ndiyo bora. Akiweza kuja mara 3 tu, siku nyingine afanyie nyumbani. Anza na vipande vya dakika 3 kutembea, dakika 2 kupumzika, kisha ongeza kutembea, punguza kupumzika. Hesabu mizunguko ya veranda na uiandike ukutani aione. Usijaze saa nzima kwa kunyoosha miguu kitandani halafu ukamtembeza dakika tano za mwisho akiwa amechoka.

Sasa angalia jinsi anavyoegemea fremu, maana hapo ndipo mazoezi mengi huharibika. Uti uliojeruhiwa bado unapokea taarifa kutoka miguuni, na mbili zina uzito kuliko zote: uzito unaoshuka kwenye mguu unaokanyaga, na nyonga kunyooka kwenda nyuma mwisho wa hatua. Nyonga ikifika nyuma na uzito ukianza kutoka, ndipo uti wenyewe unaposaidia kuurusha mguu mbele. Mtu aliyejikunja juu ya fremu, mikono imebeba nusu ya mwili, nyonga haifiki nyuma kamwe na uzito haushuki. Umeme unainua wayo, lakini paja halina sababu ya kuruka.

Kwa hiyo pandisha fremu mpaka mshikio ulingane na mstari wa kifundo cha mkono akiwa wima, kiwiko kikunjwe nyuzi 20 hadi 30 tu. Kwenye mihimili, viganja viwe wazi vimekaa juu, asivute. Msaidizi asimame nyuma kidogo, upande wa kulia, mkono kwenye mkanda wa kiunoni, mwingine ukisukuma nyonga mbele wakati mguu wa kulia umekanyaga. Neno moja la kumwongoza linatosha, "refusha hatua ya kushoto". Hatua ya kushoto ikiwa ndefu, nyonga ya kulia inalazimika kwenda nyuma. Ukimwambia arefushe ya kulia atajirusha kiuno.

Na asiuache umeme ufanye kazi peke yake. Kila unapowaka, naye ajaribu kuuinua wayo. Nguvu 1 si sifuri, kuna njia iliyobaki, na ndiyo tunayoitafuta.

---

fizio_wilayani

Asanteni sana, nimejaribu kila kitu kwa utaratibu huo. Kulia kumedunda kwenye mA 28, kushoto 22. Wayo unafika pembe mraba goti likiwa limenyooka, hauzidi hapo. Pingili iliyovunjika kwenye picha ni T9.

Matatizo matatu. Moja, wayo unainuka lakini unapinda sana nje, ukingo wa kidole kidogo unanyanyuka. Mbili, akianza kutembea shavu linatetemeka mfululizo mara tatu nne ndipo linatulia. Tatu, baada ya dakika kama 10 wayo unainuka nusu, nikiongeza mA unarudi kidogo kisha unachoka tena.

---

mkufunzi_neva

Kupinda nje: pedi nyeusi imekaa juu ya neva mahali inapolisha pia misuli ya ubavu wa nje. Hatua ya kwanza, sogeza nyekundu kuelekea ukingo wa mfupa wa muundi, sentimita moja. Isipotosha, badilisha rangi za waya bila kugusa pedi, ili hasi iwe kwenye msuli wa muundi. Hiyo peke yake mara nyingi hutosha. Ikizidi na wayo ukaanza kuinamia ndani, rudisha rangi na sogeza nyeusi juu kidogo kuelekea nyuma ya goti. Usiondoe mwelekeo wa nje wote, kidogo kinamlinda.

Ukiwa kwenye nyeusi ya juu nyuma ya goti, utaona goti na nyonga pia vinakunjika kidogo. Hiyo ni riflesi ya mguu kujivuta, ile ya kukanyaga mwiba. Kwa mtu mwenye nyonga 3 inasaidia, na ndiyo waliyoitafuta kule Miami. Ila inazoeleka: hatua za mwanzo inavuta vizuri, baadaye inafifia. Usiikimbize kwa mA. Pumzisha dakika mbili tatu, inarudi.

Kutetemeka: muda wa kupanda ni mfupi. Msuli wa mbele ukivuta kwa ghafla, shavu linanyooshwa ghafla na kujibu. Weka sekunde 0.4 au 0.5. Wayo utachelewa kidogo kuinuka, kwa hiyo hakikisha swichi inawaka mapema, kisigino kikianza tu kuinuka. Kabla ya kipindi, anyooshe shavu kwa kusimama kwenye mteremko dakika 10. Na mkakamao ukizidi ghafla kuliko wiki iliyopita, tafuta sababu kabla ya kulaumu mashine: mkojo wenye maambukizi, choo kilichokaa, kucha iliyoingia nyamani, kidonda. Kama anatumia baklofeni, dawa ya kupunguza mkakamao, asiache ghafla kwa sababu eti umeme umeanza, kuiacha ghafla ni hatari.

Kuchoka: ndivyo umeme ulivyo. Mtu akiinua wayo mwenyewe, nyuzi za msuli hupokezana zamu. Umeme huamsha zile zile kila hatua, na huanza na nyuzi kubwa zenye nguvu ambazo huchoka haraka. Tena msuli uliokaa zaidi ya mwaka bila kazi umeshapoteza ustahimilivu. Shusha hadi Hezi 30, hata 25 kama bado wayo unainuka laini bila kudunda. Upana ubaki 300. Tembea dakika 5, pumzika 3, na jumlisha. Pembeni mjenge akiwa amekaa: umeme sekunde 5, mapumziko 15, kupanda sekunde 1 hadi 2, dakika 10 mara mbili kwa siku. Wiki ya pili punguza mapumziko hadi sekunde 10, kisha sogea dakika 15, 20, mpaka 30.

Chaneli ya pili iweke kwenye paja akiwa amekaa, pedi kubwa za sentimita 5 kwa 9, moja juu upande wa nje, nyingine chini upande wa ndani juu ya goti. Lakini usiufunge mguu wala usimzuie kwa mkono wakati umeme unavuta. Mifupa ya karibu na goti hupoteza uimara baada ya jeraha la uti, na paja likivuta kwa nguvu dhidi ya mguu uliozuiwa linaweza kuuvunja. Acha mguu uinuke kwa uhuru, anza na mA ndogo.

---

orthotisti_kaskazini

Msisahau kifaa cha wayo. Vijana wanaotoka TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikilia viungo pale Moshi, wanavitengeneza kwa plastiki ya polipropilini inayofinyangwa kwa joto juu ya plasta ya mguu wa mtu mwenyewe, na havihitaji betri.

Huyu anaweza kuwa na vyote viwili: umeme kliniki na kwa mazoezi, kifaa kwa safari ndefu, siku za mvua, na siku pedi zimeisha. Pia umeme wa neva hii hausaidii goti linaloenda nyuma kupita kiasi wala linalokunjika anapokanyaga. Kifaa kinaweza: kikielekezwa wayo juu kidogo kinazuia goti kurudi nyuma, kikielekezwa chini kidogo kinalizuia kukunjika. Kwa kuwa ngozi yake haina habari, siku ya kwanza avae saa moja, avue, akague kwa kioo kisigino na vifundo vya pembeni, kisha aongeze polepole. Soksi ya pamba isiyo na mikunjo, kila siku.

---

ndugu_wa_mgonjwa

Samahani wataalamu, mimi si wa fani. Kaka yangu ana jeraha kamili la T5. Tunaona video za watu wa Ulaya wamewekewa umeme ndani ya mgongo wanatembea. Je, pedi hizi za mguuni zinaweza kufanya vile?

---

mwendo_kwanza

Pole kwa yaliyompata kaka. Hapana, hivi ni vitu viwili. Kinachoonyeshwa kwenye video ni bamba la elektrodi linalowekwa kwa upasuaji juu ya utando unaofunika uti, na mashine inashonewa tumboni. Mwaka 2018 vilitoka vikundi vitatu karibu kwa pamoja: Mayo Clinic na Louisville kule Marekani, na Lausanne, Uswisi. Watu wenyewe walihesabika kwa vidole. Louisville walikuwa wanne. Wawili waliotembea sakafuni, wakishikilia vifaa, wote walikuwa na hisia zilizobaki chini ya jeraha, na mmoja kati ya wanne alivunjika nyonga wakati wa mazoezi. Mwaka 2022 Lausanne walionyesha watu watatu wenye jeraha kamili wakipiga hatua wakiwa na bamba jipya siku ya kwanza tu ya kuwashwa, lakini uzito ukishikiliwa; kutembea na fremu kulikuja baada ya miezi ya mazoezi makali. Mashine ikizimwa, mambo hubadilika sana.

Ipo pia ya kubandika mgongoni bila upasuaji. Iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2024 ni kwa ajili ya mikono ya watu walioumia shingo, si kutembea. Mtu akikuuzia kwa kutembea, muulize aonyeshe alivyopima.

Kwa kaka, T5 ni eneo lile alilolisema nesi, kwa hiyo asibandikwe nyumbani bila mtu anayejua presha. Umeme wa mapaja chini ya usimamizi unaweza kumtunzia misuli na mzunguko wa damu. Kusimama kwenye ubao wa kusimamia, kukagua ngozi, kupanga kibofu na mifupa yake kuchunguzwa ndivyo vya kuanza navyo. Kenya mwelekezwe Hospitali ya Taifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, Nairobi. Tanzania anzeni MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam) au KCMC (hospitali ya rufaa, Moshi).

---

fizio_wilayani

Nimebadilisha rangi za waya, wayo sasa unapanda sawasawa, na kutetemeka kumepungua kwa sekunde 0.5. Nimeweka Hezi 30. Swali la mwisho: nipime vipi ili nijue umeme unamfundisha au unamsaidia tu wakati umewaka?

---

mkufunzi_neva

Chora mita 14 kwenye veranda. Mita 2 za kuanzia na 2 za mwisho hazihesabiwi, saa inaanza na kuzima kwenye mita 10 za katikati. Mpime mara mbili bila umeme, apumzike, kisha mara mbili na umeme, fremu ile ile, viatu vile vile, saa ile ile ya siku. Andika kasi kwa mita kwa sekunde, si sekunde peke yake. Rudia kila wiki mbili. Siku nyingine pima dakika 6, umbali aliofika, kwa sababu kasi ya mita 10 haionyeshi uchovu.

Safu ya "na umeme" ikipanda peke yake, mashine inamsaidia kama kifaa, na hiyo ni faida halali, aendelee nayo hivyo. Safu ya "bila umeme" ikipanda pia, njia iliyobaki inafanya kazi zaidi. Hapo anza kumtembeza vipande vya mwisho vya kila kipindi bila umeme, dakika 5 kwanza, na upime nguvu ya kuinua wayo kwa mkono kila mwezi. Zote mbili zikikaa palepale wiki 6, angalia kwanza mapigo ya moyo na idadi ya mizunguko uliyoandika ukutani kabla ya kugusa mashine.